Mzee Shikanga Apima Gari

Sellah wa jirani alivuka ua asubuhi ile bila kupiga hodi, na Sellah asipopiga hodi ujue amebeba neno la moto linalomchoma ulimi. Akavuta kigoda cha jikoni, akaketi kama aliyealikwa.

"Awinja, wewe umelala tu hapa na hujui baba mkwe wako ananunua gari?"

Awinja alikuwa anapooza uji wa Beverlyne, binti yake ambaye ndio kwanza alikuwa anaanza kutambaa. "Nimesikia."

"Umesikia kununua. Hujasikia sababu." Sellah akashusha sauti, ingawa jikoni hapakuwa na mtu mwingine ila kuku aliyeatamia kwenye kona. "Kuna mjane huko Mumias. Mweupe. Ana duka ya vitenge. Mtu wa umri wa Shikanga hanunuangi gari bure. Mzee akianza kunyoa ndevu na kuuliza habari za tairi, hapo kuna mwanamke."

"Baba hajanyoa ndevu."

"Atanyoa."

Uvumi wa Shianda ni kama muwa: ukiukata leo, kesho imechipua mitatu. Hadi jioni yule mjane alikuwa amepata mapacha. Awinja alipompelekea mama mkwe wake maji ya kuoga, akakuta habari imeshatangulia. Mama Ayuma alikuwa anacheka hadi anashika mbavu.

"Shikanga? Aoe?" akasema. "Si atampandisha kwenye mizani kwanza! Huyo mjane atakimbia bila viatu."

Na kweli, Shikanga alikuwa mtu wa mizani. Miaka yake yote ya nguvu ilikwisha pale kiwandani miwa inapopimwa, akitazama trekta zikipanda mizani zimejaa na kushuka zikiwa tupu, akigombana na wakulima waliotaka majani yapimwe pamoja na miwa. Alipostaafu, kazi ilimfuata nyumbani. Beverlyne alipozaliwa, alipimwa kwa mizani ya ndoana ya kupimia mahindi kabla kliniki haijamwona, akaning'inia ndani ya leso huku mama yake ameziba uso kwa viganja. Mgeni akileta ingokho, yaani kuku wa zawadi, Shikanga aliinyanyua kwa miguu, akafumba macho, akajua papo hapo mgeni huyo anamheshimu kiasi gani. Hata maneno aliyapima. Chifu akimaliza hotuba, watu wakapiga makofi, Shikanga alimgeukia jirani yake akauliza, "Ukitoa majani hapo, miwa imebaki ngapi?"

Kitu kimoja tu hakukipima, nacho ni desturi. Hiyo aliibeba jinsi alivyoikuta. Mke wa mwana ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali: hamshikani mikono, hamketi benchi moja, wala hamwitani majina. Shikanga akitaka kupita karibu na jiko la Awinja, alianza kukohoa tangu ghalani. Na akiwa na neno la kumwambia, alimtuma Beverlyne.

"Beverlyne," alikuwa akisema, akiutazama mti wa mparachichi, "mwambie mama yako moshi unaingia kwa kukhu, nyanya yako."

Beverlyne alitoa povu la mate.

"Beverlyne," Awinja naye alijibu akiangalia chini, "mwambie kuka, babu yako, nitafungua dirisha."

Kwa hiyo mtoto ambaye hata meno hakuwa nayo ndiye alikuwa katibu wa boma lile, na kazi aliifanya vizuri kuliko makatibu wengi, kwa sababu hakuongeza neno lake.

Lakini sababu ya gari Awinja aliijua, maana ndiye aliyekuwa akimwogesha Mama Ayuma. Mama aliteleza kwenye njia ya kisima wakati wa mvua, akavunjika nyonga. Alipasuliwa, akashonwa, akaambiwa kila Jumatano aende Kakamega mguu ukanyooshwe na kufundishwa kutembea tena. Gari za Probox za stendi zilipakia watu kama viazi, na viti vyake viko chini, mtu wa nyonga mbovu akiingia hatoki. Basi alikwenda kwa bodaboda, upandeupande, matuta yote ya barabara ya Mumias. Safari ya mwisho alirudi mdomo wa chini una damu kwa kujiuma. Tangu hapo Jumatano ikifika alisema amepona. Daktari alikuwa ameshawaambia: mguu ukikaa bure utakauka vile ulivyo, na huyu mama hatafika mlangoni tena bila kubebwa. Usiku Shikanga alimwinua kumpeleka nje, mchana alimwinua kumleta kwenye kiti. Hakuna mwingine aliyeweza. Alimshika chini ya kwapa na nyuma ya goti, taratibu, kama mtu anayehamisha mayai yanayokaribia kuanguliwa. Awinja alijaribu mara moja, Mama akapiga kelele mbuzi wakakata kamba.

Kwa hiyo gari. Na kwa kuwa gari ni jambo la ukoo, kulikuwa na kamati, na mwenyekiti wa kamati alikuwa Wekesa, mdogo wake Shikanga. Wekesa alijua magari yote. Aliyajua kwa jina, kwa mwaka, kwa ugonjwa. Yeye mwenyewe hakuwahi kumiliki kitu chenye injini isipokuwa kinu cha kusaga mahindi, na hicho kilimfia mikononi.

Wakaenda Kakamega mjini, kwenye viwanja vya magari yaliyotoka Japani. Wekesa alirudi jioni amekasirika, akaketi nje ya jiko, akamsimulia Awinja yote bila kumtuma mtoto, maana shemeji mdogo wa mama mkwe hana masharti makali hivyo.

"Nimeaibika, mwanangu! Mimi napiga tairi teke, naweka sikio kwa boneti nasikiliza injini, kazi ya kitaalamu. Yule muuzaji ananiambia habari ya nguvu za farasi. Na kaka yangu? Anatembea na kipande cha muwa! Anafungua mlango wa nyuma, anasimamisha muwa kando ya kiti, anatingisha kichwa, anafunga. Gari ya kwanza, 'Fupi.' Ya pili, 'Fupi.' Pikapu, 'Refu.' Muuzaji anamuuliza, 'Mzee, utautafuna ukimaliza?' Nikamwambia, kaka, unanunua gari ama unanunua kitanda?"

"Akasemaje?"

"Ati, 'Wekesa, tuendelee.'"

Awinja alipokwenda kufunga kuku aliuona ule muwa umeegemezwa ghalani, umekatwa sawasawa juu na chini. Kando yake kulikuwa na kiti cha Mama Ayuma, kile ambacho fundi alikiongezea miguu, kiti pekee ambacho Mama aliweza kukikalia bila kulia. Muwa na kiti vilikuwa vimelingana kimo. Alivitazama kidogo, akafunga kuku, akaenda kusonga obusuma, ugali wa jioni.

Siku chache baadaye ikasikika habari ya Kipngeno, mkulima wa mahindi huko Mautuma, aliyetaka kuuza gari lake dogo ili atafute trekta. Lilikuwa gari la aina ile ambayo si ya chini kama teksi wala si ya juu kama Landrova. Limenyanyuka kidogo tu, kama mwanamke anayevuka tope akiwa ameshika gauni. Watu wa Shianda walilipa jina kabla halijafika: Nusu-Landi.

Likafika Jumamosi, jekundu, Kipngeno mwenyewe kwenye usukani. Boma likajaa. Shikanga hakusalimia gari. Alikwenda ghalani, akachukua muwa wake, akafungua mlango wa nyuma, akausimamisha. Akainama. Akautazama upande huu na upande ule. Kisha akaurudisha ghalani bila neno, na Awinja, aliyekuwa mlangoni pa jiko na mtoto mgongoni, akaona mabega ya mzee yameshuka kama ya mtu aliyetua gunia.

"Sasa tuanze," Wekesa akasema, akipandisha suruali. "Inakunywanga?"

"Kidogo kuliko wewe," Kipngeno akajibu.

Watu wakaangua kicheko. Wekesa hakushtuka. "Magurudumu yote manne yanavuta?"

"Mawili ya mbele."

"Na ya nyuma kazi yake nini?"

"Yanafuata."

"Kama kamati," akasema Mama Ayuma kutoka kwenye kiti chake, na kamati ikajifanya haijasikia.

Kujua uwazi wa chini ya gari, Wekesa aliagiza sufuria iliyofunikwa, gari lipite juu yake. "Sufuria yangu!" Mama akalia, lakini gari lilikwishapita na sufuria ikabaki nzima. Wakapakia gunia la mahindi nyuma, gari likaketi kidogo. Wakaongeza la pili, likaketi zaidi. Kipngeno akauliza kama wananunua gari au ghala. Kisha akaliwasha ili wasikie injini, na kumbe injini haikusikika, ila sauti ya mwanamke kutoka ndani ya dashibodi, nyororo, ikisema maneno marefu ya Kijapani.

Wazee wakatazamana.

"Huyo nani?" akauliza Shikanga.

"Ndivyo ilivyokuja," Kipngeno akasema. "Nimeishi naye miaka mingi. Hajawahi kunitukana, nadhani."

Sellah, ambaye alikuwa amekuja kuangalia kwa niaba ya kijiji kizima, akanong'ona, "Nilisema kuna mwanamke."

Mama Ayuma akalielekezea dirisha fimbo yake kutoka kwenye kiti. "Ahsante, mama," akaliambia gari. "Karibu nyumbani. Sisi wazima."

Ikabaki kulijaribu barabarani, na hapo ndipo kazi ikawa ngumu. Shikanga alitaka gari lijaribiwe na mzigo litakaoubeba: mgonjwa mwenyewe, na Awinja kando yake kumshikilia. Wekesa lazima akae mbele, kama mtaalamu. Shikanga akamwinua mkewe, akamweka kitini, akamwingizia mguu. Mama Ayuma hakutoa sauti. Awinja akaingia upande wa pili na mtoto. Mlango ukafungwa. Shikanga akabaki nje.

"Mzee, ingia basi," Kipngeno akasema. "Nafasi iko."

Wekesa akamweleza kwa sauti ya chini kwamba aliyekaa nyuma ni mke wa kijana wake.

"Kwetu pia mkwe ni mkwe," Kipngeno akasema. "Sasa atajuaje gari vile inaenda?"

Shikanga alikuwa ameshapiga mluzi. Bodaboda ikaja. Akapanda, akafunga koti, akaonyesha kwa mkono: twendeni. Ndivyo watu wa Shianda walivyoshuhudia mnunuzi akilijaribu gari kwa kulifuata na pikipiki.

Njia nzima alikuwa ndani ya vumbi lake. Kwenye kona alikaribia dirisha la Wekesa akapaza sauti, "Inasemaje?" Wekesa akapaza, "Iko sawa!" "Breki?" "Ziko!" "Matuta?" Wekesa hakujua habari za matuta, maana alikuwa anabonyeza vitufe. Awinja ndiye aliyejua. Kila tuta lilipokuja aliutazama mdomo wa chini wa Mama Ayuma. Tuta la kwanza, mdomo ulikuwa umekazwa. La sokoni, ukalegea. Walipofika lile baya la karibu na kanisa, Mama alikuwa anamweleza Beverlyne habari za mwanamke mmoja anayeuza dagaa pale kando, jinsi anavyopunja, na tuta likapita katikati ya hadithi bila kuikata.

Waliporudi, Shikanga alishuka kwenye bodaboda mwekundu kama tofali lililotoka tanuri. Watu wakamzunguka kusikia hukumu.

"Imeenda vizuri," akasema akipangusa macho. "Taa ya nyuma ya kulia haiwaki. Na kuna mkwaruzo chini ya namba."

Hakuna mtu Kaunti nzima ya Kakamega aliyeyajua makalio ya gari lile kuliko yeye. Lakini akamgeukia mkewe, ambaye bado alikuwa kitini, akauliza kwa upole usiomfaa mtu wa mizani, "Na wewe?"

"Sikujiuma," akasema Mama Ayuma.

Hapo bei ikazungumzwa, na haikuchukua muda.

Kilichobaki ni dereva, jambo ambalo kamati haikuwa imelitaja hata mara moja. Mwanawe Shikanga, Wanzala, mumewe Awinja, alikuwa kwenye mjengo huko Eldoret na hakurudi ila mwisho wa mwezi. Wekesa akasema watu wasisumbuke, yeye yupo. Akaingia. Akawasha waipa. Kulikuwa na jua kali. Akazizima, akapiga honi, akaomba radhi, akakanyaga, na Nusu-Landi likarudi kinyumenyume ndani ya miwa hadi likabaki pua tu. Mwanamke wa Kijapani akaongea kwa haraka.

"Toka," Kipngeno akasema. "Toka, mzee wa waipa, sijahesabu hata pesa." Akalitoa gari mwenyewe. Aliposhuka macho yake yakamwangukia Awinja, akamtazama vizuri. "Ngoja. Huyu si Awinja wa maziwa? Aliyekuwa anaendesha pikapu ya ushirika kwetu Mautuma, mvua ama jua? Mbona mko na dereva ndani ya boma na mnanipa huyu?"

Ilikuwa kweli. Kabla hajaolewa, Awinja alikusanya maziwa kwa pikapu shamba hadi shamba, na leseni yake ilikuwa ndani ya Biblia chumbani. Wote pale walijua. Lakini ni mambo ambayo watu wakishayajua huyaweka nyuma ya kabati.

Wekesa ndiye aliyejibu, majani ya miwa bado kichwani. "Mke wa mwana amwendeshe baba mkwe? Ambebe kama debe la maziwa? Wataka tuzungukwe na laana?"

"Mimi nauza gari," Kipngeno akasema. "Laana hatukupatana."

Shikanga aliutazama mti wa mparachichi. "Beverlyne," akasema, "mwambie mama yako akaangalie moto jikoni."

Moto ulikuwa umezimwa tangu asubuhi. Awinja akaenda kuuangalia hivyo hivyo.

Gari likakaa. Jumapili watu walitoka kanisani wakapitia kulitazama. Kuku walipenda kivuli chake. Jumatatu akaletwa dereva wa kuajiriwa kutoka stendi, kijana wa miwani ya jua. Shikanga akaweka beseni la maji kwenye kiti cha nyuma, akamwambia azunguke shamba. Beseni likarudi na maji ya kunawia kidole. Jumanne akaja mwingine, huyu akazunguka taratibu na maji hayakumwagika, lakini aliposhuka alikuwa amelewa, na Shikanga akashindwa kuamua kama ni ustadi au ni hofu. Sellah akapita kuuliza kama mjane atafuatwa lini, maana anangoja.

Jumatano Awinja alipotoka na chai alimkuta Mama Ayuma ameketi kwenye kiti chake nje, amevaa gauni la kanisa na kitambaa cha bluu kichwani, mafuta usoni.

"Umependeza, Mama. Unaenda wapi?"

"Siendi mahali. Mtu hawezi kuvaa?" Akapokea kikombe. Mkono wake mwingine ulikuwa unausugua mguu, na Awinja akaona kwamba vidole vya mguu ule havikusogea vizuri kama vilivyosogea mwezi uliopita. Mama aliona kwamba ameona. "Usiniangalie hivyo," akasema. "Nimepona."

Awinja akarudi jikoni. Akashika mwiko, akauweka. Angeweza kutoka, akachukua leseni, akasema. Lakini mke wa mwana hasemi hivyo. Akisema, ni yeye aliyevunja desturi, na maneno ya kuvunja hubaki juu ya jina la watoto wake. Neno hilo lilikuwa la mtu mmoja tu kulisema.

Kikohozi kikasikika ghalani. Kisha karibu zaidi. Kisha, jambo ambalo halijawahi kutokea, kikasikika mlangoni.

"Awinja."

Alikaribia kuangusha sufuria. Tangu aolewe hakuwahi kulisikia jina lake kwenye mdomo ule, na lilivyotoka lilikuwa na kutu kidogo.

"Baba," akajibu akiangalia jivu.

Shikanga alisimama nje ya kizingiti, amevaa koti, ameshika kofia. Alikuwa anaongea na paa la jiko. "Wekesa hawezi. Wale wa stendi hawawezi. Na mimi ndiye najua kumwinua, nikibaki hapa atashushwa na nani huko?"

"Hakuna, Baba."

"Basi itabidi tuingie gari moja." Akainua macho juu zaidi, kama anangoja mbingu ipasuke. Haikupasuka. Kuku tu alitoka kwenye kona yake akapita katikati ya miguu yake. "Wazee wataongea."

"Wataongea, Baba."

"Wekesa atanuna."

"Atanuna."

"Na Sellah?"

"Sellah yuko kwa ua hapo," Awinja akasema. "Nimeona leso yake."

Mzee akakohoa, na kikohozi hicho kilikuwa kimebeba kicheko ndani. Akatoa ufunguo mfukoni. Hakumpa mkononi, aliuweka juu ya jiwe la mlangoni, akarudi hatua nyuma, na Awinja akausogelea akauchukua. Ulikuwa na joto la kushikwa muda mrefu.

"Mimi nitakaa nyuma na mama yako," Shikanga akasema. "Mtoto nitampakata mimi. Wewe utakuwa mbele peke yako. Hapo nimepima, hapana shida." Akaizungusha kofia mikononi. "Lakini jana niliingia hiyo gari, nikakaa nyuma, nikaangalia. Kuna kioo hapo juu katikati, mbele ya dereva. Mtu akikiangalia anaona wa nyuma wote, uso kwa uso, kama mko meza moja. Sasa naomba, mwanangu. Ukitaka kujua ya nyuma, tumia vile vya pembeni. Hicho cha katikati, tafadhali, usikiangalie mpaka tufike Kakamega."